Fundi, Nipigie Saba

Leo tuongee laptopu. Tuongee hasa lile ombi ambalo fundi kompyuta yeyote wa hapa Bukoba amelizoea: mteja analeta mashine nzuri, bado inang'aa, ina Windows 11 ndani yake, na anachotaka ni itolewe, iwekwe Windows 7.

Mazungumzo huwa hivi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Humu nipigie saba.”

“Mama, mashine hii mpya. Saba haitakubali.”

“Mbona ya mwenzangu wa pale sokoni imekubali?”

“Ya mwenzio ya zamani, mama.”

“Basi nipigie hata kumi.”

Mimi huyo mama simcheki. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na kwa watu wengi wa huku ndiyo waliyojifunzia kompyuta, chuoni, steshenari, ofisi ya kata. Unabonyeza kona ya chini kushoto, kila kitu kiko pale. Haikudai akaunti. Hii 11, siku unayoiwasha mara ya kwanza, inataka intaneti na akaunti ya Microsoft kabla hujaandika hata barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni. Halafu kuna bando. Mtu amejiunga bando la simu, amewasha hotspoti atume barua pepe moja tu, kumbe huko nyuma Windows inajishushia masasisho yake. Barua haijaenda, bando limekwisha. Mtu akiichukia mashine kwa hilo, utamlaumu?

Dawa ya bando lakini ipo, na haihitaji kufuta kitu chochote. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao unaotumia, kisha washa palipoandikwa metered. Masasisho makubwa yatasubiri mpaka siku utakapokuwa na intaneti ya bure ya ofisini. Ningependa kila fundi amwonyeshe mteja hicho kitufe kabla ya kushika bisibisi.

Wala jambo hili halikuanzia Bukoba. Januari 2007 Microsoft walitoa Windows Vista, na dunia nzima ikaikunjia uso. Watu wakawa wananunua kompyuta mpya, wanaifuta Vista, wanarudisha XP ya mwaka 2001. XP nayo ikagoma kwa namna yake: haikujua kusoma diski zilizopangwa kwa mtindo wa AHCI, ikawa inatupa skrini ya bluu katikati ya kazi. Ilitaka ubonyeze F6, uipe draiva kwa flopi, wakati laptopu yenyewe haina hata tundu la flopi. Mafundi wa enzi hizo walijua kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, na kuirudisha diski kwenye mtindo wa IDE. Kwa hiyo mama wa leo na saba yake anafuata njia iliyokanyagwa na wengi. Tofauti ni kwamba safari hii ukuta umekuwa mrefu zaidi.

Sasa tuuangalie huo ukuta.

Windows, iwe saba au kumi na moja, haiongei na vifaa vya mashine moja kwa moja. Inapitia draiva, na draiva ni mkalimani. Mlete mgeni kutoka Dar mpaka kwa wazee wa Kamachumu ambao wamekaa wanaongea Kihaya kitupu: hata awe msomi namna gani, bila mtu wa kumfasiria atakaa pale anatabasamu tu. Windows 7 ni mgeni aliyefunga begi lake mwaka 2009. Vifaa vilivyozaliwa baada ya hapo hakuja na mkalimani wake.

Cha kwanza ni USB. Saba inaijua USB 2, haikuja na draiva ya USB 3. Kwa miaka kadhaa hilo halikusumbua, kwa sababu kompyuta zilikuwa na aina zote mbili. Mwaka 2015 Intel walipotoa prosesa za kizazi cha sita, kile kidhibiti cha zamani cha USB 2 wakakiondoa. Matokeo yake ni kituko: laptopu inawaka kwa flashi ya Windows 7 vizuri kabisa, picha ya dirisha inatokea, halafu Windows ikishajiwasha, flashi ileile iliyoileta haioni tena. Inakuandikia kwamba draiva ya CD au DVD haipo. Mtu anashangaa, CD gani, mbona nimechomeka flashi? Mausi nayo haisogei. Njia ya kupita hapo ni fundi kuzipachika draiva za USB 3 ndani ya flashi mapema, kabla hajaanza. Wapo wanaoijua kazi hiyo. Wapo pia wanaobahatisha flashi moja baada ya nyingine mpaka jioni.

Cha pili ni diski. SSD ndogo za siku hizi, zile bapa kama kijiti cha bazoka, nyingi zinatumia lugha ya NVMe, na maelezo ya kwanza ya lugha hiyo yalitolewa Machi 2011, saba ikiwa tayari ina mwaka na zaidi sokoni. Kwa hiyo inafika kwenye hatua ya kuuliza wapi ikae, inakuta orodha tupu. Microsoft walitoa kiraka cha jambo hilo baadaye, nacho pia ni cha kupachikwa kwa mkono.

Cha tatu ndicho kinachowashinda hata mafundi hodari. Saba ilizaliwa wakati wa BIOS ya zamani na inahitaji ule mtindo wa zamani ili iwake bila taabu. Kwenye mipangilio utakuta umeandikwa Legacy au CSM. Mwaka 2017 Intel walitangaza kwamba ifikapo 2020 mtindo huo wangeuondoa. Chukua laptopu ya miaka hii, ingia BIOS, tafuta hayo maneno. Kwenye nyingi hayapo. Na kisichokuwepo hakiwashwi.

Tuseme fundi wako kayavuka yote hayo. Saba imepanda, mteja anaiona ile bahari ya bluu aliyoizoea, anafurahi. Furaha hiyo haifiki nyumbani. Wi-Fi haishiki kwa sababu kadi yake haina draiva ya saba. Mwanga wa skrini haupungui wala kuongezeka. Unachomeka projekta kwenye kikao cha wazazi, ukutani hapatokei kitu. Intel waliacha kutengeneza draiva za picha za saba baada ya kizazi cha sita, na mwaka 2017 Microsoft wenyewe wakaanza kuzikatalia masasisho mashine za kizazi cha saba na kuendelea zilizowekwa Windows 7. Unapewa ujumbe kwamba prosesa yako haitambuliki kwa toleo hilo, basi.

Ndiyo maana ya yule mwenzake wa sokoni ilikubali. Laptopu nyingi tunazotumia huku ni used, nyingine zinatoka Kariakoo, nyingine Kampala kupitia Mutukula, na zilikwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani kabla hazijatufikia. Kwetu laptopu ya 2018 bado tunaiita mpya. Sawa, ni mpya kwako. Lakini ujue kizazi chake, na kukijua ni rahisi. Soma jina la prosesa. Ikiwa i5-6200U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho ni kizazi cha sita. Ikiwa i5-8250U, ni cha nane. Ikiwa i5-1135G7, hapo soma mbili za mwanzo, ni cha kumi na moja. HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470 ni kizazi cha sita, na kampuni zake zilitengeneza draiva za saba; hata kiwandani mashine mpya ziliruhusiwa kutoka na Windows 7 Professional mpaka mwisho wa Oktoba 2016. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 nyingi ni kizazi cha nane. Ukiniuliza mimi, hizo G5 usizipige saba hata kwa dawa. Muuzaji akikuambia zote ni sawa tu, muulize kwa nini bei si sawa.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi ya draiva, nalo ni leseni. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kampuni kubwa za kompyuta huandika ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi yenyewe. Maana yake, ile laptopu uliyoinunua, kama ilitoka kiwandani na Windows 10 au 11, ina Windows halali iliyokwisha kulipiwa na mtu wa Uholanzi au wa Marekani huko. Ukiifuta na kuweka tena toleo lilelile, ikikutana na intaneti mara ya kwanza inajitambua, haikudai senti. Sasa wewe unamlipa fundi akuondolee hicho cha halali, akuwekee saba ya kwenye flashi inayozunguka duka kwa duka, iliyokwisha kuvunjwa kufuli, na ambayo ili ikubali ni lazima uizime antivairasi kwanza. Aliyelivunja hilo kufuli ni nani? Aliacha nini kingine humo ndani? Microsoft hawaiuzi tena saba dukani, na masasisho yake ya usalama kwa watu wa kawaida yalikoma tarehe 14 Januari 2020.

Mnaokumbuka Mei 2017 mnajua hicho si kitisho cha kutishia watoto. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilizunguka nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zikawa zinawarudisha wagonjwa nyumbani. Mashine nyingi sana zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7. Na kiraka cha kuzuia kilikuwa kimetolewa Machi ya mwaka uleule. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Leo saba ikipatikana na tundu jipya, hicho kiraka cha kuweka au kutoweka hakitakuja.

Hata ukiwa huna hofu na virusi, kazi zenyewe zitakusukuma. Mwalimu wa Muleba anayetaka kuomba uhamisho anaingia kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa umma. Mzabuni anayetaka kazi ya halmashauri anaingia NeST, mfumo wa ununuzi ulioanza kutumika mwaka 2023. Kijana anayeomba mkopo wa chuo anaomba mtandaoni. Yote hayo yanapitia kivinjari, na Chrome iliachana na saba mwanzoni mwa 2023. Toleo la 109 ndilo la mwisho kukubali. Firefox iliivumilia zaidi kwa toleo lake la 115, lakini uvumilivu si ahadi. Tovuti zinabadilika, kivinjari chako kimesimama. Siku moja kitufe cha kutuma maombi hakibonyezeki, na ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Nasikia mtu anasema, mimi sitaki saba kwa mazoea, nataka mashine iwe nyepesi, hii 11 inaganda. Hapo tuulizane kwanza ni mashine gani. Kuna laptopu zinazouzwa mpya kabisa ndani ya boksi, zina Celeron N4020, RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64 iliyogandishwa kwenye mazabodi. Hizo ni nzito kwa sababu zimeumbwa hivyo. Saba haina draiva zake, na hata ingekuwa nazo, Chrome yenye kurasa kumi ingezilemea vilevile. Kwa bei hiyohiyo ungepata EliteBook used ya kizazi cha nane ukaishi vizuri. Na kama yako ina diski ya zamani inayozunguka, ile inayolia ndani, badilisha uweke SSD na uongeze RAM. Mashine itakuwa nyingine. Hapo hela yako imefanya kazi.

Wapo wenye sababu ya kweli. Mtu ana mashine ya kukatia stika, au kipimo cha maabara, au programu ya hesabu ya chama cha msingi iliyoandikwa zamani na mwandishi wake hapatikani tena. Programu hiyo inataka saba, au hata XP, na kuibadilisha ni kuanza hesabu za miaka upya. Huyu namwelewa, na ninamwambia aende njia mbili. Ya kwanza, atafute kompyuta ya kizazi cha sita kurudi nyuma, aifanye ya kazi hiyo tu, na asiiunganishe na intaneti kamwe. Ya pili, ninayoipenda mimi, ni VirtualBox. Ni programu ya bure ya Oracle. Unaiweka ndani ya Windows 11 yako, nayo inakutengenezea kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta ya kweli, humo unaweka saba. Draiva hazisumbui, kwa kuwa kompyuta hiyo ya kubuni inajifanya ya zamani. Ukimaliza kazi unalifunga dirisha. Uwe na RAM ya gigabaiti 8 angalau, na kwenye BIOS uwashe palipoandikwa Virtualization.

Ila tahadhari moja, waitu. Kama programu yako ni ya zamani mno, ya biti 16, haifunguki kwenye Windows yoyote ya biti 64, iwe saba iwe kumi na moja. Inataka saba ya biti 32. Nimewahi kuona watu wakihangaika kurudi nyuma matoleo mawili, wakaweka ya biti 64, programu ikagoma palepale ilipogomea mwanzo.

Tuje kwa lile la mwisho la mama: nipigie hata kumi. Windows 10 inapanda karibu kwenye laptopu zote tunazouziana huku, draiva zake zipo, sura yake haitishi. Lakini nayo masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wameacha mlango wa ziada kwa watu binafsi, unajiandikisha ndani ya mashine yenyewe na unaendelea kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Aliye na kizazi cha sita au cha saba, ambacho 11 inakikataa, hiyo ndiyo nafasi yake ya kupumua, na wakati anapumua ajaribu Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows, kwa flashi, bila kufuta chochote, aone kama kazi zake zinakwenda. Mwenye kizazi cha nane kwenda juu sioni sababu ya kumtoa kwenye 11.

Na yeyote atakayeamua kurudi nyuma, hata kwenye kumi, asikilize haya mawili. Laptopu nyingi za Windows 11 siku hizi zinafunga diski kwa BitLocker zenyewe, bila kukuuliza. Fundi akiingia BIOS akazima Secure Boot, mashine inaweza kuwaka ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile uliyofunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe ambayo nenosiri lake unalijua wewe, au analijua yeye, au hakuna anayelijua. Picha za harusi, ripoti za shule, vyote viko ndani, na fundi hana namna. Hakikisha ufunguo huo umeuandika kwenye karatasi kabla mashine haijaondoka mkononi mwako.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba tumeutegemea kutoka Uganda kupitia Masaka, na sote tunajua ulivyokuwa ukikatika bila hodi. Windows ikikatikia njiani unaanza upya, unapoteza saa. BIOS ikikatikia njiani unapoteza mazabodi. Laptopu yenye betri iliyokufa, inayotegemea waya wa ukutani peke yake, fundi asiisasishe BIOS yake hata akibembelezwa.

Ninyi mafundi nina ombi moja kwenu. Kabla hujafuta chochote, shusha draiva zote za modeli hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji, ziweke kwenye flashi, na mpe mteja flashi hiyo. Mwalimu wa kisiwani Goziba akishapanda boti hawezi kurudi kwako kwa ajili ya Wi-Fi. Na usipokee malipo mpaka mteja mwenyewe, mbele yako, ameunganisha intaneti, amesikia sauti ikitoka, na amechapa karatasi moja kwa printa.